Gari Lililoondoka na Mama

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, tena mchana kweupe. Alikuwa ameuza kigari chake cha miaka kumi na mitano, kwa kuwa kaka yake hakumpa nafasi ya kupumua. "Dada, hicho kiberiti utakiendesha mpaka lini? Nunua kubwa linalojiendesha, upumzike."

Siku hiyo alimpeleka mama yao kliniki ya macho kwa gari jipya linalojiendesha. Walipomaliza walishuka kwenye maegesho ya chini ya jengo, ambako nusu ya taa zilikuwa zimekufa. Alimketisha mama kiti cha mbele, macho yake yakiwa bado na ukungu wa dawa. Gari lilikuwa pana mno kwa zile nguzo, kwa hiyo yeye akasimama nje aliangalie lisikwaruzike likijitoa.

Milango ikajifunga, ko. Gari likatoka polepole, likampita, likapanda njia ya kutokea. Alilikimbilia akiita, akasikia sauti yake mwenyewe tu ikimrudia kutoka ukutani. Kile kiberiti hakikuwahi kusogea hata hatua moja bila mkono wake. Hili alilolinunua kwa jasho lake lilimwacha gizani.

Alifika nyumbani kwa teksi. Mama alikuwa sebuleni, ameshavua viatu, amenuna.

"Umeniendesha vizuri, mwanangu," alisema. "Ila njia nzima nakusemesha, hunijibu. Na uliponishika mkono kunipandisha ngazi, mbona vidole vyako vilikuwa vya baridi hivyo?"