Upepo wa Katapila

Siku hiyo nilikuwa nafua. Mwenye watoto wanne hana siku nyingine. Baba watoto alikuwa amenunua katapila kuukuu, lile lenye mkono wa kuchimbia kwa nyuma, ili achimbe mwenyewe shimo la choo na msingi wa chumba cha uani. Nilimwambia rahisi ghali. Akacheka.

Shida ilikuwa ule mkono. Ukiinuliwa na injini ikazimwa, ulishuka wenyewe, polepole, mpaka kijiko kikagusa ardhi. Na kitindamimba wangu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alipenda kukaa chini yake kwa ajili ya kivuli.

"Ama litengenezwe, ama liondoke," nilisema. "Siziki mtoto kwa sababu ya choo."

Akaitwa Fundi Spana. Akalaza kijiko chini, akafungua silinda, akabadilisha sili za kuzuia oili zilizolika na mpira wa oili uliokuwa unavuja. Nilipompelekea chai alikuwa amepakaa oili mpaka masikioni.

"Shemeji, hii mashine ina upepo."

"Ina pepo?"

"Upepo, shemeji! Hewa imeingia kwenye oili, ndiyo maana mkono hauna nguvu." Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Nautoa sasa hivi, usiite mganga."

Kisha akashusha sauti. "Ila mwenye katapila hili wa kwanza, sasa ni marehemu, mwanawe aliangukiwa na kijiko hiki hiki, akafa. Tangu hapo hakutaka kitu kikae juu. Hata ngazi aliilaza chini."

Akalegeza nati. Oili ikatoka na mapovu, ikifoka. Fundi akasubiri iishe, akakaza.

Ile sauti ya kufoka haikuisha.

Ilivuta pumzi. Ikashusha. Ikavuta tena, kama mtu aliyebeba kitu kizito.

Tulitazamana. Jua lilikuwa la utosini, hata jani halikutikisika. Lakini kwenye kamba yangu shati la kwanza lilipepea, likatulia. Likapepea la pili. Kisha la tatu, lililo karibu na mlango wa nyumba.

Mlango ulikuwa wazi.

Fundi alikusanya spana zake bila kumaliza chai. Mkono wa katapila aliuinua mara moja kuujaribu, akauacha juu. Haukushuka tena, hata kidogo. Baba watoto alifurahi kama kapata gari jipya.

Jioni nilikuta beseni nililolitundika msumarini liko chini. Nikamgombeza mwanangu mkubwa. Baadaye sufuria ya maji niliyoiweka juu ya kabati ikawa sakafuni, imejaa vilevile. Hakuna tone lililomwagika.

"Watoto wako hao," akasema baba yao.

"Na kabati wanalifikia kwa mabawa?"

Akairudisha sufuria juu ya kabati.

Kesho yake mchana nilimlaza kitindamimba kitandani. Dirisha nililifunga. Mlango nikaubana kwa nje, nikaketi pale pale kizingitini kuchambua mchele. Hakupita mtu.

Nilipofungua, alikuwa amelala sakafuni. Hakulia. Hakuwa na nundu. Chini yake palitandikwa shuka, na kichwa kiliegemezwa vizuri, jinsi anavyolazwa mtoto na mtu aliyewahi kulea.

Nikamwinua. Kwapani, pande zote mbili, fulana ilikuwa na alama nyeusi za vidole. Vinene. Nikanusa. Oili ya katapila.

Baba watoto aliliuza lile dude wiki hiyo hiyo, shimo likiwa nusu. Aliyelinunua anasema linafanya kazi vizuri, halina tatizo lolote. Naamini. Fundi aliutoa upepo wote. Hakusema tu anautoa auweke wapi.

Fulana nimeifua kwa sabuni, nikaisugua kwa mafuta ya taa, nikaichemsha. Alama ziko pale pale. Magodoro yote tumeyashusha sakafuni. Ya nini kupandisha mtoto ambaye mwingine atamshusha?

Juzi mchana mgongo uliniuma, nikasema potelea mbali, nikajinyoosha juu ya kitanda kitupu, peke yangu, dakika chache tu.

Niliamka sakafuni, nimefunikwa.

Gauni langu, lenye alama zile zile kwapani, sijalifua bado. Limening'inia mlangoni. Au lilikuwa limening'inia. Sasa hivi naliona limekunjwa vizuri, liko chini.