Kijiti cha Ukasha

Mabasi matatu yaliingia Mombo kwa mpigo, na Munira, muuza chai wa kituoni, binti aliyetoka Kang'ata, mwenye kitenge cha njano na ulimi mwepesi, akawa anamimina chai kwa mikono miwili. Mteja mmoja, shati jeupe limepigwa pasi, akatumbukiza kijiti cha plastiki kwenye kikombe.

"We kaka! Unaniwekea nini kwenye kikombe changu?"

"Tazama, dada yangu."

Kijiti kikajikunjua taratibu, kikawa kama mwavuli mdogo. Kijana huyo, Ukasha, akaeleza kuwa ni kizibo cha tundu la moyo, yeye na wenzake bado wanakifanyia utafiti: kinapitishwa mshipani kikiwa chembamba, kikipata joto la damu kinarudia umbo lake.

"Mwongo mkubwa wewe," Munira akacheka. "Na kikombe utakiosha."

Alikiosha, akamfundisha na kukinyoosha kijiti tena: ukivute kikiwa laini kwa moto, kisha ukitie maji baridi. Tangu hapo akawa anashuka Mombo kila Ijumaa. Siku moja akampima kidole kwa uzi.

"Ya nini?"

"Utafiti, mpenzi."

Kisha Ukasha akapata nafasi ya masomo Uturuki. Siku ya kuagana alimwachia kijiti kimoja. "Ukinikumbuka, kitie kwenye chai."

Munira aliumia. Wenzake huachiwa kanga, yeye kaachiwa kipande cha plastiki! Akakitupia kwenye kopo la hiliki. Ijumaa tatu mfululizo simu ya Ukasha iliita, na yeye akaiacha iite mpaka ikakoma. Haikuita tena. Mwaka mzima na nusu upweke ukamkalia kifuani, na kila Ijumaa bado alianza kuosha kikombe kile cha Ukasha.

Asubuhi moja ya mvua, kituo kitupu, hiliki, aliyozoea kuiongeza kabla haijaisha, ikamwishia. Ndani ya kopo, chini kabisa, kikabaki kijiti. Akakitia kwenye chai.

Kikajipinda, ncha zikakutana. Ilikuwa pete.

Ilimwenea. Akampigia Ukasha simu.

"Ukasha, nimekitia kwenye chai."

"Leo?"

"Leo. Nisamehe, mpenzi. Sikujua."

"Mimi nilidhani umeiona, ukakataa. Nimeoa, Munira. Mwezi wa Mfungo Sita uliopita."

"Mungu awape heri."

Akakata simu, akalia bila kujificha.

Basi likapiga honi. Munira akaizamisha pete kwenye chai ya moto, akaivuta ikiwa laini, akaitia maji baridi kama alivyowahi kufundishwa. Ikanyooka, ikawa kijiti kile kile. Akakirudisha kwenye kopo, akaliweka mbali na jiko.