Chupa ya Ntare

Shallon na mumewe Frederick waliishi nyuma ya maghala ya Masoro, pembeni mwa Kigali. Frederick alikuwa mlinzi wa ghala. Kila asubuhi akitoka zamu, alimkuta mkewe ameshashuka bondeni na jembe. Huko walilima soya pamoja na Ntare, mdogo wake Frederick.

Shida yao ilikuwa sangari, nyasi ambayo kwa Kinyarwanda huitwa urwiri. Mizizi yake hutambaa chini ya udongo kama kamba. Shallon akiikata kwa jembe, kila kipande kilichobaki kilichipua upya. Msimu uliopita soya ilisongwa, wakavuna kidogo sana. Safari hii Ntare alikuwa amemposa Mutesi, binti wa kilima cha pili, na harusi ilingoja mavuno.

Siku moja Ntare alirudi kutoka Muhima, katikati ya jiji, na chupa ya maji ya kunywa. Ndani mlikuwa na dawa ya magugu. Aliyemuuzia barabarani alisema inamaliza magugu yote. Shallon aliigeuza ile chupa huku na huku. Haikuwa na lebo.

"Shemeji, hii iko dawa gani?" aliuliza.

"Ya magugu tu. Wewe pumzisha mgongo wako."

Ntare aliazima bomba la kupulizia, lile la kubeba mgongoni. Lilikuwa linavuja. Alivaa kaptula, miguu mitupu, akakoroga dawa kwa mkono. Alipulizia shamba lote, dawa ikimtiririka mgongoni. Jioni alinawa vidole tu, akala, akalala na shati lile lile.

Baada ya siku chache ngozi ya mgongo wake ilibabuka na mdomo ukajaa vidonda. Shambani sangari ilikuwa imekauka, na soya pia imekauka. Frederick alimpeleka hospitali. Daktari alitaka kujua ilikuwa dawa gani. Akauliza tena na tena. Walimletea ile chupa isiyo na lebo, akaitazama, akaiweka mezani. Alisema ziko dawa zinazopita kwenye ngozi na kuharibu mapafu, na alihofia hii ni mojawapo.

Ntare alipumua kwa shida. Alimwomba kaka yake amwinue akae, kisha amlaze, kisha amwinue tena. Kabla mwezi haujaisha, alifariki.

Waliporudi shambani baada ya msiba, sangari ilikuwa imechipua tena. Soya haikuchipua.

Frederick alisema dawa haitaingia tena shambani kwake. Shallon alilima peke yake mpaka akashindwa kuinuka kitandani kwa maumivu ya mgongo. Ndipo akamwita Aurore, afisa kilimo wa sekta, yaani eneo lao la utawala.

Aurore alifika na kuchimbua mzizi mmoja mrefu. Frederick alisimama kando, mikono kifuani.

"Dawa imemuua ndugu yangu," alisema. "Na wewe unatuletea nyingine?"

Aurore aliweka ule mzizi chini. "Sikulazimishi. Jembe linaweza, ila mtoe mizizi yote, na mmeona ugumu wake. Mkichagua dawa, lazima mjue ni ipi. Iko inayoua kila jani bichi. Hiyo ni ya kabla ya kupanda, sangari ikiwa na majani mabichi, ili dawa ishuke mpaka kwenye mizizi. Ukiipulizia juu ya soya, soya inakufa. Iko nyingine inayoua nyasi tu na kuacha soya. Hiyo ni ya baadaye, soya ikishaota na nyasi bado ni changa. Magugu ya majani mapana haiyaui. Hayo mtayapalilia."

Akawaeleza wanunue kwenye duka lenye kibali, chupa ikiwa imefungwa na ina lebo, kwa kuwa lebo inasema kipimo, inasema ungoje siku ngapi kabla ya kupanda, na inamwambia daktari mgonjwa amepatwa na nini.

Frederick alifikiri siku nyingi. Mwishowe alinunua dawa ya kabla ya kupanda, chupa yenye lebo, akasema atapulizia yeye mwenyewe. Alijaza bomba maji matupu kwanza, akahakikisha halivuji. Alivaa buti, glavu, barakoa, miwani, suruali na shati la mikono mirefu. Alipima dawa kwa kikombe cha kupimia dawa tu, akakoroga kwa kijiti. Alisubiri asubuhi isiyo na upepo. Akapulizia shamba lote, na wakangoja siku zilizoandikwa kwenye lebo ndipo wakapanda. Siku ile ya kupulizia alioga kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na nguo zile zikafuliwa mbali na nyingine. Dawa iliyobaki aliifungia stoo, katika chupa yake ile ile.

Msimu huo soya ilisimama. Sangari iliyochipua hapa na pale waliing'oa kwa mkono.

Siku ya kuvuna, Mutesi, aliyekuwa mchumba wa Ntare, alikuja bila kuitwa. Alivuna mpaka jua likawa kali. Kisha alimwambia Shallon kwamba baba yake naye hupulizia bila viatu, na dawa yake huiweka jikoni. Amemkataza, hamsikii.

Frederick alikuwa karibu, akasikia. Tangu siku ya mazishi hakuwahi kumsimulia mtu jinsi mdogo wake alivyokufa. Aliweka chini mzigo wa soya, akafuta mikono.

"Twende kwa mzee sasa hivi," alisema. "Mimi nitamweleza."