Vibano Viwili Chini ya Gari

SAA 1:40 ASUBUHI

Ramani ilichorwa kwa kidole juu ya unga. Saruul alikuwa amekanda maandazi ya nyama usiku uliopita na meza ilikuwa haijafutwa, na Dashzeveg hakuwa mtu wa kutafuta karatasi.

"Duka la Chuluun, mnunuzi wa dhahabu, hili hapa. Mlango mmoja. Mlinzi mmoja, ana nondo, bunduki hana. Saa tano kamili Saruul anaingia na punje zake za dhahabu, kama mchimbaji yeyote. Chuluun akifungua kasha la pesa ili alipe, Saruul anakohoa. Mimi na Gonchig tunaingia."

"Na mimi?" Namjil aliuliza.

"Wewe huzimi injini. Mbingu ianguke, huzimi. Ikizimika kwenye baridi hii haiwaki tena, na sisi ndio basi."

Wanne hao walikuwa wamelizunguka jiko la makaa katika chumba cha nyuma cha gereji ya Namjil. Nje ilikuwa nyuzi thelathini na tatu chini ya sifuri. Dashzeveg ndiye mkubwa wao, jela mara mbili, mabega ya mlango. Saruul ni dada yake mdogo. Baridi kali ya mwaka mmoja iliwaua mifugo wote wa kwao, na wazazi wakafuata upesi, kwa hiyo Dashzeveg ndiye aliyemlea. Namjil, fundi magari, alikuwa mume wa Saruul kwa mwaka wa nne sasa. Gonchig alikuwa mpiga mieleka aliyestaafu vibaya, sikio moja limesagika, na aliingia kundini vuli iliyopita tu.

"Kurudi," Dashzeveg alisema, "Saruul mbele na mumewe. Mimi na Gonchig nyuma na mzigo. Tunashuka mtoni, tunakimbia juu ya barafu, tunatokea ng'ambo ambako askari hawana kituo. Swali?"

Gonchig alicheka. "Shemeji yako kanyamaza sana, bosi. Au bado analiogopa gari?"

"Gari halina neno," Dashzeveg alijibu haraka, na macho yake yakatua juu ya Namjil kwa uzito.

Namjil akanywa chai yake ya chumvi.

Gari lilikuwa na neno. Dashzeveg alikuwa amelinunua siku nne tu kabla, kwenye soko la magari yaliyotumika kule mji mkuu, bila fundi, maana alijiona anajua magari kama anavyojua farasi. Lilikuwa jipu la Kijapani, usukani kulia, rangi inang'aa. Alilizunguka, akapiga matairi teke, akalipa. Namjil alipolala chini yake na tochi alikuta bomba la moshi limepasuka chini ya kiti cha nyuma, na sakafu juu yake imeliwa na kutu mpaka ngumi inapita. Muuzaji alikuwa amepaka lami na kutandika zulia juu. Moshi wa injini ungeingia ndani moja kwa moja, na kibaya zaidi ni ile sehemu ya moshi isiyo na harufu wala rangi. Kila majira ya baridi nchi hii huzika watu waliolala ndani ya gari linalonguruma.

Alimwambia Dashzeveg faragha. Dashzeveg alimshika ukosi.

"Lama wa hekaluni kanipa siku. Siku ya Farasi kwenye kalenda yake, kabla jua halijafika utosini. Unataka kuisemea vibaya safari ambayo haijaanza?"

"Sisemei, kaka. Ni bomba limepasuka."

"Basi lizibe. Na usimwambie mtu. Si Gonchig, si mkeo. Neno baya likishatoka mdomoni linatangulia njiani kutusubiri."

Namjil akaliziba. Bati la kopo, na vibano viwili vya chuma, kimoja kila upande. Kazi safi. Gari lingefika popote.

SAA 2:25 ASUBUHI

Gonchig alimfuata uani, ambako jipu lilikuwa likinguruma tangu alfajiri, boneti limefunikwa blanketi la sufu nzito.

"We fundi, una akili?"

"Sema unalotaka."

"Nataka kukuonea huruma. Jana shemeji yako alikuwa amelewa. Kaniambia tukishavuka mto, wewe hufiki ng'ambo. Anasema dada yake aliolewa na mfunga nati. Anamrudisha kwao."

Namjil akamgeukia. "Muongo."

"Haya, mimi muongo. Harusini kwenu alikaa wapi?"

Gonchig alijua pa kuchoma. Siku ya harusi Dashzeveg alikaa karibu na mlango, hakugusa kikombe, akaondoka kabla nyama haijaiva. Miaka minne Namjil alikuwa akilimeza hilo kama mfupa.

"Unataka nini kwangu?"

"Tukifika mtoni, mimi nikinyanyua mkono, wewe geuza uso. Yeye niachie mimi. Basi." Gonchig akampiga begani, akaingia ndani.

Namjil alibaki peke yake na ngurumo ya gari. Hakumpenda Gonchig na hakutaka kumpa mgongo wake. Lakini nyuma ya jipu wangekaa wawili tu, Dashzeveg na Gonchig, na mbele angekaa yeye na mkewe, kioo kimeachwa wazi upana wa kidole. Watu wakilala nyuma wasiamke, nani atauliza? Atasema gari lilikuwa bovu, na kweli lilikuwa bovu. Hasira ilimfanya aone mpango huo ni mwepisi.

Akalala chini ya gari na spana. Vibano vyote viwili akavilegeza, mizunguko mitatu kila kimoja.

Alipotoka, Saruul alikuwa amesimama na sufuria la maziwa na mwiko wa mama yake. Alirusha maziwa kwenye kila tairi kuibariki safari, na yakaganda kabla hayajafika chini.

"Ulikuwa unafanya nini huko chini?"

"Naangalia tu."

"Acha kuangalia sana, utaliroga." Akamfuta grisi shavuni kwa kidole gumba. "Leo ikiisha, gereji hii tunaiuza. Nataka mahali penye joto, mume wangu. Nimechoka na baridi ya nchi hii mpaka kwenye mifupa."

SAA 5:00 ASUBUHI

Safari ya kwenda ilikuwa fupi, na bati lilikuwa halijaachia kabisa. Mji wa wachimbaji ulikuwa barabara moja, na duka la Chuluun lilikuwa katikati. Saruul alishuka na kifuko chake mkononi. Namjil alimwona akiingia.

Dakika moja. Mbili. Mlango wa duka ulikuwa na pazia la ngozi na nyuma yake kikasikika kikohozi.

Dashzeveg na Gonchig waliruka. Namjil aliweka gia, mguu juu ya breki, kichwa kimeanza kumgonga. Akashusha kioo.

SAA 5:06

Risasi moja. Halafu kelele ya mwanamke, na aliijua sauti.

Gonchig alitoka kwanza na gunia. Dashzeveg alimfuata, dada yake mikononi. Mguu wa kushoto wa Saruul ulining'inia vibaya chini ya goti.

"Mlinzi kamvunja na nondo!" Dashzeveg alifoka. "Fungua nyuma!"

"Mlete mbele, kaka! Mbele!"

"Mbele atakunja vipi mguu huu, una wazimu? Fungua!"

Akamlaza kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Gonchig. Yeye akaruka mbele, bastola mkononi, akapiga dashibodi. "Ondoka!"

Namjil aliondoka. Mpango wake wote ulikuwa umehama viti.

SAA 5:31

Barafu ya mto ilikuwa nyeusi na ngumu. Jipu lilikimbia katikati ya kingo mbili za theluji. Nyuma, mbali, wingu jeupe lilikuwa limenyanyuka: gari la askari, labda mawili.

Kioo cha Namjil kilikuwa wazi nusu.

"Funga hicho," Dashzeveg alisema. "Anatetemeka."

"Hewa, kaka. Gari linanuka mafuta."

"Nimesema funga!" Akanyoosha mkono mwenyewe, akakipandisha. Kisha akafanya jambo ambalo Namjil hakulitarajia. Alifungua mkanda, akavua koti lake refu la ngozi ya kondoo, akageuka na kumfunika dada yake mpaka kidevuni. Alibaki na sweta. "Lala, Saruul. Usiku wa leo utalala hospitali ya ng'ambo. Nimeshaongea na daktari mmoja. Mumeo atakaa nawe pale, mimi nitaendelea na huyu bwana."

Namjil alisikia. *Mumeo atakaa nawe.*

"Daktari umeongea naye lini?" akauliza.

"Juzi. Kazi kama hizi lazima mtu aumie. Nilidhani nitakuwa mimi."

Kwenye kioo cha juu, Gonchig alikuwa akipangusa paji la uso. "Bosi, kichwa kinanipasuka." Akabeua. Macho yake yalikuwa yanapotea.

Saruul hakutetemeka tena. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri, kama mtu mwenye afya. Namjil alijua rangi hiyo ni kazi ya moshi.

Akaendesha kilomita moja zaidi. Hilo lisemwe wazi: kilomita nzima aliihesabu kwenye mita, akitafuta njia ya kumwokoa bila kukiri. Hakuipata.

Akakanyaga breki.

SAA 5:44

Gari lilizunguka mara moja na nusu juu ya barafu, likasimama. Kabla halijatulia Namjil alikuwa nje, anafungua mlango wa nyuma, anamvuta mkewe kwa makwapa, koti na vyote.

"Wewe! Unafanya nini?" Bastola ilikuwa usoni pake.

"Ekzosi, kaka. Moshi unaingia ndani. Umemlewesha."

"Si ulifunga?"

"Nilifunga. Halafu nikalegeza."

"Lini?"

"Asubuhi."

Dashzeveg alishusha pumzi. Mvuke wa pumzi yake ulisimama mbele yake. "Nyuma nilikuwa nikae mimi."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Gonchig aliniambia utaniua mtoni."

Gonchig alikuwa ameanguka nje upande wa pili, amepiga magoti, anatapika. Alisikia jina lake. Hakubisha. Mkono wake ulikwenda kiunoni, mzito, ukapapasa bastola yake, na Dashzeveg alimpiga risasi mbili kupitia milango iliyo wazi. Gonchig alilala kifudifudi na damu yake ikafuka moshi kwenye barafu.

Kisha bastola ikamrudia Namjil.

"Harusini ulikaa mlangoni," Namjil alisema. Alikuwa analia na machozi yanaganda. "Hukugusa hata kikombe."

"Nilikuwa nimetoroka jela, mjinga wewe! Nilikaa mlangoni nipate kukimbia." Dashzeveg akamtazama dada yake. "Yu hai?"

Namjil alilaza sikio kifuani kwa mkewe. "Anapumua."

"Funga hilo bomba twende."

Namjil alijitupa chini ya gari, akatazama, akatoka. "Bati halipo. Kibano kimoja kimeanguka. Haiwezekani hapa."

Wingu jeupe lilikuwa limekaribia. Sasa yalionekana magari mawili, wazi kabisa.

Dashzeveg aliangalia wingu, akamwangalia dada yake. "Nikikuua, nani atamkumbatia mpaka wafike? Mkumbatie. Wao watampeleka hospitali. Mimi jela sirudi."

"Chukua koti lako."

"Liache! Ukilitoa atakufa."

"Basi endesha vioo wazi. Kaka, nakusihi. Vyote vinne."

"Vioo wazi, na sweta hii?" Dashzeveg alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. Akapanda. Vioo vilikuwa vimeshuka alipoondoka. Namjil aliviona. Mita mia tatu mbele aliona kimoja kinapanda, halafu cha pili.

Alipiga kelele mpaka koo likachanika. Kisha akalala juu ya mkewe, akamfunika.

SAA 9:15 ALASIRI

Zahanati ya wilaya ilikuwa na vitanda sita. Saruul alikuwa amefungwa banzi mguuni na mpira wa oksijeni puani. Namjil alikaa pembeni yake, amefungwa pingu mkono mmoja kwenye chuma cha kitanda. Inspekta mwenye masharubu alisimama na kofia yake ya manyoya mkononi.

"Tumelipata jipu," alisema. "Kilomita kumi na nne mbele, katikati ya mto. Injini inanguruma, vioo vimefungwa. Dereva amekaa tu. Hana jeraha; ni moshi uliomuua."

Saruul hakupiga kelele. Alifumba macho, akayafumbua. "Ni kaka yangu. Hakujua. Tulikuwa nalo siku nne tu, hakuna aliyejua ni bovu." Akaupapasa mkono wa mumewe juu ya blanketi, akaushika kwa nguvu. "Si ndiyo? Mwambie, Namjil. Hakuna aliyejua."

Mlango ulikuwa wazi kwake. Neno moja tu, naye angebaki na mke. Inspekta mwenyewe alikuwa ameshaanza kuvaa kofia.

"Mimi nilijua," Namjil alisema.

"Ulijua nini?" Saruul aliuliza.

"Niliziba bomba la moshi, kisha nikalizibua. Alikuwa akae nyuma kaka yako. Nilitaka afe." Alishindwa kumtazama. "Halafu ukakaa wewe."

Kwenye kitanda cha mwisho mzee mmoja alikohoa. Saruul aliuacha mkono wa mumewe taratibu, kidole kimoja kimoja, akauweka wake chini ya blanketi. Alipumua kwenye mpira mara mbili, tatu, mpaka sauti yake ikanyooka.

"Una karatasi, Inspekta?"

"Ninayo."

"Kaa uandike. Nitasema yote, na nitaanza na huyu."