Abiria wa Geti la Kumi na Saba

Siku yenyewe ilianza vizuri, kama siku nyingine yoyote ya kazi. Saa mbili asubuhi wasukuma viti wote wa uwanja wa ndege waliitwa kwenye chumba chao cha kubadilishia nguo, wakagawiwa miwani. Si ya jua wala ya kusomea. Ukiivaa unauona ukumbi kama ulivyo, ila sakafuni unachorewa mshale wa kijani wa kukupeleka kwa abiria anayehitaji kiti cha magurudumu, na pembeni mwa jicho maandishi yanakwambia yuko geti gani na amesubiri muda gani.

"Abiria wetu wamechoka kusahauliwa," alisema dada fundi aliyeileta. "Sasa basi."

"Itatuonyesha na wake zetu wako wapi?" mmoja akauliza, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Aliyevaa wa kwanza alikuwa mkongwe wao, mwanamume wa miaka hamsini na sita waliyemwita Taratibu. Jina hilo alipewa kwa jinsi alivyosukuma. Hakimbii, hakwaruzi kona, hapandishi kiti kwenye kizingiti kwa kishindo. Wazee waliosafiri mara kwa mara walimwulizia yeye.

Miwani ilifanya kazi. Kufikia saa tano alikuwa ameshawasukuma watu saba, na babu mmoja mwenye goti la bandia alimlalamikia akitabasamu, "Leo mmeniwahi mpaka sikupata nafasi ya kununa."

Alikuwa anarudisha kiti tupu pale maandishi yalipobadilika.

Geti 17. Abiria 1. Anasubiri: saa 96,417.

Akasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Maandishi yalikuwa palepale.

Alimkuta dada fundi kwenye meza yake, kati ya abiria waliovalishwa miwani mikubwa ya picha, ya kuonja safari kabla ya kupanda ndege.

"Dada, hii yangu imelewa."

Dada akaitazama, akakunja uso. "Geti kumi na saba mimi sikuliweka kwenye ramani. Jengo hili linaishia kumi na sita." Akapiga hesabu kwenye simu, akacheka. "Hiyo ni kama miaka kumi na moja. Huyo abiria ana subira kweli."

Aliizima, akaiwasha, akamrudishia. Taratibu alipoivaa, mshale ulikuwa umeshachorwa. Ulianzia kwenye ncha za viatu vyake.

Miaka kumi na moja. Hakuhitaji simu kuihesabu.

Siku ile alikuwa amemshikia zamu shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa amemkimbiza mtoto hospitali. Kitabuni liliandikwa jina la shemeji, maana zamu ilikuwa yake. Taratibu alimsukuma bibi mmoja mpaka geti la kumi na saba, bibi asiyeweza kusimama, mwenye sweta la kahawia na mkoba mapajani. Walipofika wakakuta ndege imehamishiwa geti jingine. "Ngoja hapa mama, niulize, narudi sasa hivi." Njiani akakutana na wenzake wanaotoka kazini. Wakapiga soga. Mmoja akasimulia kisa cha kuchekesha, wakatoka nacho hadi nje, na bibi akamtoka kichwani kama jina la mtu uliyekutana naye mara moja.

Jioni hapakuwa na ndege upande ule. Walifunga milango, wakazima taa. Wafagiaji walimkuta asubuhi, ameshapoa.

Shemeji alisema kweli: "Zamu alinishikia yeye." Taratibu alipoitwa alisema, "Mimi sikumwona huyo bibi." Maneno manne tu. Shemeji alifukuzwa kazi, na mkewe Taratibu, akitakiwa kuchagua kati ya mume na kaka, alimchagua mume. Hawajazungumza tangu hapo, kaka na dada wa tumbo moja. Miaka miwili baadaye jengo lilikarabatiwa, na ujia wa geti lile ukazibwa kwa ukuta wa mbao za jasi.

Mshale ulipita mbele ya vyoo, ukakata kushoto nyuma ya duka la manukato, ukaingia kwenye ujia wa stoo. Ulikuwa mchana kweupe. Jua lilikuwa limejaa kwenye vioo, na kipaza sauti kilikuwa kinaita majina ya watu waliochelewa.

Alifika ukutani. Mshale haukuishia pale. Ulipita.

Kupitia miwani, ukuta haukuwepo.

Aliona ujia wa zamani. Zulia la bluu. Viti vya kungojea, vitupu. Mwishoni, kiti cha magurudumu kimempa mgongo. Sweta la kahawia.

Akavua miwani. Ukuta mweupe.

Akaivaa. Kiti kilikuwa karibu zaidi.

Hakikugeuka. Kilikuwa kinakuja kinyumenyume, polepole, bila mtu wa kukisukuma.  Mikono ya Taratibu ilijinyoosha yenyewe, kama ilivyozoea miaka ishirini, kupokea vishikio.

Vilikuwa vya baridi. Vilikuwa vya kweli.

"Umerudi," bibi alinong'ona, bila kugeuza kichwa.

"Ndiyo, mama."

"Nilijikojolea, mwanangu. Nikaona haya. Ndiyo maana sikupiga kelele."

Miwani ilivunjika sakafuni. Hakumbuki kuitupa.

Siku hiyo hakurudi kazini. Alikwenda na sare yake hivyohivyo hadi uchochoro ambamo shemeji alikuwa ananoa visu tangu afukuzwe. Alimkuta ameinamia jiwe, mguu kwenye pedali, cheche zikiruka. Taratibu alieleza yote akiwa amesimama. Alieleza zamu, geti, soga, na uongo. Alieleza na alichokiona. Jiwe halikusimama.

Alipomaliza, shemeji alijaribu makali kwa kidole gumba.

"Siku ile nilikuomba useme neno moja. Leo umeniletea hotuba." Akachukua kisu kingine. "Hebu niambie. Umeletwa na moyo wako, au umeletwa na yule mama?"

Taratibu alitazama viatu vyake.

"Nilijua. Hata hili la leo si lako."

"Nisamehe, shemeji."

"Yule mtoto niliyempeleka hospitali alipona. Ana miaka kumi na minne. Anajua baba yake aliua bibi wa watu, maana shuleni walimwambia. Nenda kamwombe yeye."

Kisha akakanyaga pedali, na kelele za jiwe zikafunika kila kitu.

Mkewe Taratibu aliambiwa jioni ileile, akiwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka ya mwisho. Halafu akazichukua zake, akaziweka begini, akaondoka kwenda kwa kaka yake. Hakutukana wala kulia. Mlangoni alisema tu, "Miaka kumi na moja nimekula meza moja na wewe."

Taratibu alimwandikia barua msimamizi akakiri. Msimamizi aliisoma hadi mwisho, akamrudishia. "Faili hilo lilishafungwa, mzee. Ndugu wa marehemu hawajulikani walipo. Unataka nimfukuze nani tena?"

Wiki mbili baadaye mafundi walikuja kupitisha nyaya za mitambo mipya ya miwani, na njia fupi ilikuwa kupitia nyuma ya ujia wa stoo. Wakakata ukuta wa jasi. Msimamizi alikuwepo, dada fundi alikuwepo, na Taratibu alisimama nyuma yao.

Ndani mlikuwa giza, na vumbi limelala zito kama blanketi. Viti vya kungojea vilishang'olewa. Kiti cha magurudumu hakikuwepo. Dada fundi aliwasha tochi ya simu.

Katikati ya vumbi palikuwa na mistari miwili myembamba, sambamba, kutoka mwisho wa ujia hadi kwenye ukuta. Hapakuwa na nyayo, si kati ya mistari wala pembeni yake.

"Panya," alisema msimamizi.

Fundi mmoja aligeuza ile mbao waliyoikata, akawaonyesha upande uliokuwa ndani. Jasi ilikuwa imelika sehemu mbili, zilizoachana kwa upana wa mabega ya mtu, kwenye kimo cha vishikio vya kiti. Zilikuwa zimegongwa, na kugongwa, na kugongwa, mpaka zimekuwa laini.