Matunda Meusi ya Kichakani

Kila asubuhi, baada ya uji wa shayiri, Richenza alimpeleka mdogo wake Ekbert kucheza nje ya ngome. Richenza alikuwa na miaka kumi na miwili, Ekbert mitano. Baba yao, Mtemi Markward, alitawala vilima vya Swabia, kusini mwa Ujerumani, kama baba na babu yake, na Ekbert ndiye mwana pekee wa kiume. Kwa hiyo Richenza alikanywa kila siku asimwache hata kidogo.

Siku hiyo alimwacha. Udalrich, binamu wa baba, alikuwa amekuja kumaliza ugomvi wa mpaka uliozitenga koo zao kwa miaka mingi, na farasi wake walikuwa wakinyweshwa kijitoni. Richenza akaenda kuwatazama. Aliporudi, alimkuta Ekbert kichakani, midomo imegeuka zambarau, mkononi ana matunda meusi yanayong'aa.

"Matamu," Ekbert alisema.

Richenza aliyajua matunda yale; yaya alishawakataza wasiyaguse kwa kuwa yana sumu. Alimfuta mtoto mdomo kwa upindo wa gauni, akamwambia asimwambie mtu, akajipa moyo kwamba hajala mengi.

Mchana, mezani, Ekbert alianza kuweweseka. Uso ulikuwa mwekundu, mboni zimetanuka, mikono ikipapasa hewani kama anayekamata nzi. Mama yake alimbeba mbio hadi chumbani. Mtemi alikitazama kikombe cha mwanawe, kisha akamtazama mgeni aliyeketi kando yake. Wote ukumbini walijua kwamba Ekbert akifa, nchi ile itarithiwa na Udalrich.

"Mfungeni," Mtemi alisema kwa sauti ya chini.

Udalrich hakupigana. Alisema tu kwamba hakumpa mtoto kitu chochote. Askari walimfunga kamba, lango likafungwa, na wapanda farasi wa Mtemi wakaanza kuvaa deraya za vita.

Richenza alisimama nyuma ya nguzo. Akisema, baba atajua nani alimwacha mrithi. Labda atapelekwa kwenye nyumba ya watawa asirudi tena. Labda kamba zile zitakuwa zake. Kutoka chumbani alimsikia Bruda Wigand, mtawa aliyetibu wagonjwa, akiuliza mtoto amekula nini, na mama akijibu kwamba hajui, hajui.

Hapo Richenza alikimbilia chumbani.

"Ni matunda meusi ya kichakani," alisema akilia. "Asubuhi. Nilimwacha peke yake."

Bruda Wigand hakupoteza muda kumgombeza. Alimtapisha mtoto, akamnywesha maji yenye mkaa uliosagwa, akafunga madirisha ili mwanga usimuumize macho. Richenza akabaki na jambo gumu zaidi, kumwambia baba. Alisema mbele ya watu wote, macho sakafuni, akisubiri kofi. Kofi halikuja. Mtemi alichomoa kisu na kuzikata kamba za binamu yake kwa mkono wake mwenyewe.

Ekbert aliugua siku mbili. Siku ya tatu aliomba mkate, na mama yake akaangua kilio cha furaha.

Ndipo Mtemi alipomtuma Richenza akamwombe radhi Udalrich. Alimkuta uani, akisugua vifundo vya mikono vilivyovimba.

"Nisamehe, baba mdogo."

"Uliogopa?"

"Sana. Hata sasa naogopa."

"Hata mimi niliogopa. Niliwawaza wanangu," Udalrich alisema. "Sikiliza, binti. Kumwacha mtoto ni kosa, na baba yako atakuadhibu anavyoona yeye. Lakini lile lilikuwa kosa la mtu mmoja. Ungeendelea kunyamaza, mdogo wako angekufa, mimi ningemfuata, na ndugu zangu wangekuja hapa na moto. Ukikosea, sema mapema, hata kama unatetemeka. Usingoje hofu iishe kwanza. Haiishi mpaka useme."