Kumetulia, Tokeni Nje

Mniwie radhi mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Hadithi za majini zinataka msimulizi mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza na macho yaliyozama. Mimi nina kitambi, na nikinong'ona watu wa chumba cha pili wanaitikia. Nikichekesha mahali pa kutisha, jitisheni wenyewe.

Jambo lilianza na kidole. Daktari, si yule wa sindano bali wa vimbunga, alikuwa na barometa kuukuu mezani ofisini, kile kipimo cha kanieneo ya hewa chenye sura ya saa. Iliopolewa kwenye tope baada ya kimbunga kilichofuta nusu ya mji, yeye akiwa bado anatambaa. Watu wa kazi hiyo wana mazoea yao: kabla ya kusoma, unagonga kioo kwa ukucha ili mshale uliokwama uachie. Asubuhi moja akagonga, ko ko. Ndani ya kioo kukajibu, ko ko. Kama vile umebisha mlango wa choo ukakuta kuna mwenyewe.

Akamwita fundi wa vipimo, ambaye ofisi nzima ilimjua kwa jina la Bisibisi.

"Umenichezea tena, Bisibisi?"

"Dokta, utani wangu unaishia kwenye sukari ya chai yako. Hiki sijakigusa." Akakifungua mgongo, akanusa, akakifunga haraka kuliko alivyokifungua. "Hiki si kimekaa kabatini miaka yote hii?"

"Ndiyo."

"Mbona kinanuka tope bichi na majani yaliyochanika? Dokta, mimi nina watoto. Tafuta fundi asiye na watoto."

Daktari hakumwamini. Siku hizo hakuwa akimwamini mtu, kuanzia nyumbani kwake.

Siku ya kile kimbunga, aliyekuwa zamu kwenye kituo cha hali ya hewa ni baba yake. Watu walikuwa wamejibanza shuleni na kwenye maghala. Ghafla upepo ukakata, jua likatoka, king'ora cha salama kikalia, watu wakamiminika nje kutafuta ndugu zao. Kumbe lile lilikuwa jicho la kimbunga, ule utulivu wa katikati. Nusu ya pili ikaja kwa upande mwingine na kuwazoa barabarani. Vitabu vyote vikaandika kwamba afisa wa zamu alikosea. Mtaani wakambatiza King'ora. Mpaka leo, mzee wa watu, akienda na fimbo yake kununua sabuni, lazima atokee mpumbavu mmoja: "Mzee King'ora, leo tutoke au tubaki ndani?"

Naye hakuwahi kubadilisha maneno. Alipigiwa simu, mkuu wake akamwambia kumetulia, piga king'ora. Tatizo ni kwamba simu zilikuwa zimekatika tangu asubuhi, na huyo mkuu alikuwa ameshalaliwa na paa, amekufa.

Sasa wataalamu walikuwa wanakuja kukubaliana historia ya mwisho, ile itakayochongwa kwenye mnara wa kumbukumbu, na jina la mzee lilikuwa kwenye rasimu kama mkosaji. Daktari, binti yake, alitaka kujua kitu kimoja kabla patasi haijagusa jiwe: baba alidanganya, au hakudanganya?

Akawaita manusura ofisini, mmoja mmoja ili wasiambukizane maneno. Kinasa sauti kilikaa mezani kando ya barometa, na swali lilikuwa moja: "Nani alikuambia utoke?" Alitegemea kusikia king'ora.

"Mama mkwe," alisema fundi cherehani mmoja. "Alisimama mlangoni akaniita, mkwe wangu, kumetulia, toka nje."

"Yeye alikuwa amejificha wapi?"

"Kaburini, dokta. Tulishamzika zamani."

Aliyefuata alikuwa tarishi mstaafu, na huyo aliinamisha kichwa. "Mke wangu aliniita kutoka nje. Nami nilikuwa nimemkumbatia ndani."

Daktari aliposikiliza tepu, baada ya kila jibu kulikuwa na kimya ambacho hakukikumbuka, na ndani ya kimya hicho kulikuwa na mtu anayevuta pumzi tu, bila kuitoa.

Mchana huo akarudi nyumbani, akamkuta mzee anakula.

"Baba, hawa watu umewapanga?"

"Kina nani tena?"

"Manusura. Wote wanasema waliitwa. Kama wewe na simu yako."

Mzee akaweka kijiko chini. "Wote?" Sauti ilikuwa ndogo mno. "Mwanangu, tepu hiyo usiichezeshe mbele za watu."

"Unaogopa nini?"

"Miaka yote hii nimekuwa naomba niwe mwongo. Kwa sababu kama si mwongo, basi kile kitu kipo."

Maneno mazito, lakini mwenye shaka husikia shaka tu. Daktari akaondoka akiamini mzee anaficha ushahidi.

Mkutano ulifanyika asubuhi kweupe, ghorofa ya nne, kwenye ukumbi wenye milango mipana inayofungukia roshani. Roshani ilikuwa kwenye ukarabati, reli zimeng'olewa, umebaki utepe mwekundu. Mbele alikaa Profesa, mwandishi wa kitabu kinene kuliko vyote vya kumlaumu mzee. Mzee mwenyewe alikaa nyuma, karibu na milango. Na kulikuwa na mshereheshaji wa kukodiwa, maana wataalamu wa hewa wakiachwa peke yao hulala.

Daktari akaweka barometa mezani, akagonga kioo kwa mazoea, akawasha tepu. Fundi cherehani akasema, tarishi akasema, kisha kikaja kile kimya, na masikio ya ukumbi mzima yakaziba kama ya watu wanaoshuka mlima kwa basi, pakiti za biskuti mezani zikavimba zenyewe zikapasuka moja baada ya nyingine, mapazia yakaacha kucheza, na harufu ya tope na chumvi ikapanda kutoka chini ya viti, mpaka Profesa akasimama polepole, akafunga kifungo cha koti kama mtoto anayekaguliwa, akasema "Naam, mama," akaanza kutembea kuelekea roshani, na nyuma yake wakasimama wengine, kwa adabu, wakipishana, kila mmoja akimwitikia mtu wake, huku mshereheshaji akishika kipaza sauti na kutangaza kwa furaha kubwa: "Mabibi na mabwana, kumetulia, tokeni nje!"

Mzee alikuwa ameshafika mlangoni. Akaifunga milango, akapitisha fimbo kwenye vishikio, akaegemeza mgongo.

"Rudini ndani! Kimbunga bado hakijaisha! Rudini!"

Wakamsukuma. Profesa, mtu wa vitabu, alimshika mzee koo.

Hapo ndipo Daktari naye alipoitwa. Sauti ilitoka kwenye spika, ya upole, ile ya kumbembeleza alipokuwa na homa: "Mwanangu, kumetulia. Toka nje." Ilikuwa sauti ya baba yake. Na baba yake alikuwa pale mbele yake, amebanwa koo, hawezi hata kukohoa.

Akang'oa waya wa umeme ukutani.

Masikio yakazibuka. Watu wakajikuta wamelundikana mlangoni. Kupitia kioo cha milango waliona utepe mwekundu umekatika, unaning'inia.

Profesa aliachia mkono wake, akapiga magoti. Jina la mzee likafutwa kwenye rasimu siku hiyo hiyo. Daktari alimshika baba yake mkono, na mzee hakudai kitu. Barometa ilifungiwa chini ya ardhi, na Bisibisi anaapa kwamba mpaka leo inabisha.

Likabaki swali la kamati: aliyetangaza kwenye kipaza sauti ni nani? Wote wakanigeukia. Ndiyo, mshereheshaji ni mimi. Niliitwa na marehemu baba yangu. Alisimama kule roshani akinicheka mpaka machozi, akasema leo, mwanangu, umechekesha. Baba yangu hakuwahi kucheka utani wangu hata mmoja. Nilipaswa kujua papo hapo kwamba yule ni jini.